Mkutano wa treni za modeli, uende au uache?

Mkuu, umeuliza kama inalipa kwenda mkutano wa kitaifa wa NMRA (chama cha wapenzi wa treni za modeli) huko Marekani wiki nzima wakati reli yako bado ni ya meza moja. Inategemea unafuata nini. Kama shida yako ni kununua injini na mabehewa tu, mkutano achana nao, subiri maonyesho yanayofanyika sambamba nao, hayo yana tiketi yake na mtu yeyote anaingia.

Ila utamu wenyewe uko kwenye ziara za majumbani, yaani mwenyeji anakufungulia chumba alichojaza reli miaka na miaka, unainama unachungulia chini ya meza unaona nyaya zilivyopangwa kwa rangi na alivyounga kila kipande cha reli, kitu ambacho kwenye video huoni maana mwenye video anakuonyesha milima na madaraja tu. Mi hapo ndo ningeweka hela. Na yale madarasa nayo, mtu anapaka behewa kutu bandia mbele yako, ukikwama unamuuliza hapohapo.

Ila kabla hujalipa soma orodha ya nyumba, kama wewe unatumia skeli ya N (1:160, yaani modeli ni ndogo mara 160 kuliko treni halisi) na nyingi ni HO (1:87, kubwa kidogo), nyaya na mandhari utajifunza fresh, ila vipimo vya kona utarudi kupiga hesabu mwenyewe. Mashindano ya modeli yaliyopo hapo pita tu utazame.

Hela ikibana, NMRA ina kanda na divisheni zake, anzia mkutano wa kanda, ni mfupi na watu wanaongea vizuri zaidi.