Anayeatamia Kinywani Hazai kwa Mdomo

SWALI: Ninafuga samaki wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika katika tangi la kioo. Dume amekolea rangi, naye jike ametuna koo na hali chakula. Jirani yangu anasema kwamba samaki huyo "atazaa kwa mdomo". Je, usemi huo ni sahihi? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Si sahihi hata kidogo, na unanikera zaidi unaposemwa Kigoma, kando ya ziwa lenye aina zaidi ya 200 za sikilidi, ambako lugha ya samaki ingepaswa kunyooka kuliko kwingine kote.

"Dume amekolea rangi" umesema vyema. Dume wa Astatotilapia burtoni, mmojawapo wa sikilidi hao, aliyejitwalia eneo hung'aa kwa manjano au buluu, na akinyang'anywa eneo hilo hupauka.

Kosa limo katika "kuzaa". Kuzaa ni kutoa kiumbe kilichokua tumboni, kama wafanyavyo papa wengi. Jike wa burtoni hutaga mayai, akayazoa papo hapo na kuyatia kinywani, kisha akadonoa madoa yanayofanana na mayai katika pezi la chini la dume. Hapo ndipo mbegu za dume huyafikia mayai yaliyomo kinywani. Jike huyaatamia kwa muda wa wiki mbili hivi bila kula. Kilichotoka tumboni mwake ni yai, si mtoto. Wala mahali penyewe si mdomo, ambao ni ukingo wa nje tu; ni kinywa, neno litokanalo na kunywa, na wahenga hawakukosea walipokiita jumba la maneno, kwa kuwa ndani yake mna nafasi ya kuhifadhi kitu.

Anayebisha na amtazame Synodontis multipunctatus, samaki mwenye sharubu wa ziwa hilohilo. Hujipenyeza kati ya sikilidi wanapotaga, akaacha mayai yake palepale, naye jike wa sikilidi huyazoa pamoja na yake. Mayai ya mgeni huwahi kuanguliwa, na vifaranga wake huwala vifaranga wa mwenyeji humo humo kinywani, hata siku ya kutoka hutoka wenye sharubu. Ikiwa kutoka kinywani ndiko kuzaliwa, basi tukubali kwamba sikilidi amezaa samaki wa jamii nyingine kabisa! Sidhani kama yuko mvuvi wa Kibirizi atakayekubali upuuzi huo, na mimi siukubali katika Kiswahili.

Wako pia wasemao "anataga kwa mdomo". Hao wamelijua yai lakini wamekosea njia litokapo.

Kwa hiyo mwambie jirani yako kwamba jike ametaga na sasa anaatamia kinywani. Vifaranga watakapotoka, aseme "amewatoa". Na hatari ikitokea, mama akawafungulia kinywa wakaingia tena, aseme "amewarudisha", neno ambalo mwenye kuzaa hawezi kulitumia kamwe.