Kwa mnaoanza maabara ya damu: namba ya FBP haijamaliza habari

Wadogo zangu mnaoripoti maabara za hapa Moshi kwa mafunzo ya vitendo, kabla hamjaizoea mashine, shikeni hili: damu ni barabara tu. Seli nyeupe mnazozihesabu kwenye FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, zimetoka kwenye uboho wa mifupa na nyingi ziko safarini kuelekea mapafuni, utumbo, ngozi. Nutrofili, seli nyeupe zinazopambana na bakteria, hukaa kwenye damu kwa saa chache tu. Kazi yenyewe inafanyika kwenye tishu, ambako sindano yenu haifiki.

Mtakutana na mtu mzima, hana homa, anakula vizuri, nutrofili zake ziko chini ya 1,500 kwa kila maikrolita. Msikimbilie kudhani uboho umechoka. Waafrika wengi hawana protini ya Duffy kwenye seli nyekundu, na kukosa huko ndiko kunakowakinga na malaria ya vivaksi. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba protini hiyo ikikosekana kwenye seli nyekundu changa ndani ya uboho, nutrofili zinazozaliwa humo huwa za aina nyingine, nazo huiacha damu upesi na kuingia kwenye tishu. Watu wasio na Duffy wakapimwa, nutrofili zao zikaonekana kufanana na zile za panya. Mimi hili linanigusa sana, kwa sababu viwango vya vitabuni vingi vilipimwa kwa Wazungu, na mtu wetu mzima wa afya anaweza kucheleweshewa dawa anayoihitaji kwa namba hiyo.

Kinyume chake pia mtakiona. Mpagazi ameshushwa kutoka Kilimanjaro, kule juu alipewa deksamethasoni, dawa ya steroidi, kwa ugonjwa wa mwinuko, leo nutrofili zimepanda. Dawa hiyo huzibandua zilizokuwa zimeshika kuta za mishipa, na huufanya uboho uachie nyingine zaidi. Hapo wekeni slaidi chini ya hadubini. Ukiona nutrofili changa nyingi, kiini kimepinda bila kugawanyika, na chembechembe nzito zilizokolea rangi, fikiria maambukizi ya bakteria. Ukiona zilizokomaa tupu, dawa inatosha kuwa sababu.

Msidhani pia kwamba kila seli ya kinga inatoka kwenye uboho. Makrofaji ni seli zinazomeza vijidudu na uchafu; zile za ubongo, yaani mikroglia, huanzia kwenye kifuko cha kiini (yolk sac) cha mimba changa, kabla uboho haujawepo, kisha hujizalisha zenyewe humo humo. Za utumbo ni tofauti: kwa panya, nyingi hufa na kujazwa upya na monosaiti, seli nyeupe zinazogeuka makrofaji, kutoka kwenye uboho.

Halafu kuna BCG, chanjo ya TB, ile ya kovu la begani. Mwaka 2018 watafiti waliwachoma panya chanjo hiyo mshipani ikafika kwenye uboho. Seli mama, zile zinazozaa seli za damu, zikabadilika, na makrofaji zilizotokana nazo baadaye zikaidhibiti TB vizuri zaidi. Makrofaji huishi muda wake na kufa. Seli mama ndiyo inayobaki na mafunzo.

Kwa hiyo fomu ikija haina umri, dawa wala maelezo ya mgonjwa, piga simu wodini kwanza. Muulize nesi: ametumia steroidi? Majibu ya zamani yapo? Namba ya chini iliyo vile vile miaka yote, na mtu ni mzima, iandikie hivyo kwenye maoni, daktari aisome.