Muulize Fundi: Vepu yangu inachemka mpaka inaniunguza mdomo

SWALI: Shikamoo fundi. Mi naendesha bodaboda hapa Uyole, Mbeya. Mwezi wa nne nilinunua vepu, ile sigara ya umeme, nikiwa Tunduma, ikawa poa kabisa, ila tangu baridi hii ya mwezi wa sita ianze ile atomaiza, yaani sehemu ya juu yenye tenki na koili, inachemka balaa, asubuhi nikivuta mara tatu nne tu inaniunguza mdomo na inatoa ladha ya nguo iliyoungua, koo linakwaruza. Koili, kile kidude chenye waya ya kuchemsha juisi (yale maji ya nikotini ya kwenye vepu), imeandikwa 1.2, mi naweka wati 30 ili moshi uwe mwingi. Nimeshabadilisha koili mbili wiki hii, jamaa dukani anasema ni feki. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na koo. Hizo koili mi nadhani ni nzima tu, zinauliwa na baridi ya Uyole ikisaidiana na hizo wati zako 30.

Iko hivi. Ndani ya koili kuna pamba, na pamba ndo inafyonza juisi na kuilowesha waya, sasa juisi ikigeuka mvuke inaondoka na joto, kwa hiyo waya ikiwa na juisi haiwezi kupitiliza. Juisi nyingi zina glisirini, hiihii tunayojipaka huku wakati wa baridi miguu ikipasuka, na unajua mwenyewe asubuhi inavyokuwa nzito kwenye chupa. Juisi yako nayo saa kumi na mbili asubuhi inakuwa nzito vilevile, inapanda kwenye pamba polepole, we unavuta fastafasta kabla abiria hajafika, pamba inakauka, waya inabaki inajichoma yenyewe na pamba inaungua. Pamba ikishaungua haioshwi, tupa. Na usijilazimishe kuivuta hivyohivyo nakuomba, glisirini ikiungua inatoa gesi kali zinazoumiza mapafu, huo mkwaruzo wa koo ni taarifa tosha.

Halafu wati. Koili ya omu 1.2 (omu ni kipimo cha waya inavyozuia umeme) kuisukuma mpaka wati 30 maana yake unaipa volti 6, wakati kwenye wati 12 ingekula volti 3.8 hivi. Soma ubavuni mwa koili, huwa wameandika wati zake, nyingi za 1.2 zinaishia 15 au karibu na hapo. Anza na 10, panda mojamoja, na kati ya mvuto mmoja na mwingine subiri hata nusu dakika. Asubuhi chupa ya juisi iweke mfuko wa ndani wa jaketi, au ichovye kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu ikiwa imefungwa vizuri. Usiisogeze kwenye jiko la mkaa na usichanganye spiriti eti iwe nyepesi, spiriti inashika moto! Vitundu vya hewa navyo viangalie, vumbi la barabarani linaziba na hewa ikipungua joto linabaki humohumo.

Kitu kimoja nakusisitiza sana. Shika uone joto linatoka wapi. Likiwa juu kwenye tenki tu, ni hayo niliyosema. Likiwa chini kwenye betri, hata kama hujavuta, acha kutumia palepale, toa betri kama inatoka, iweke nje kwenye sakafu ya simenti mbali na pikipiki na petroli. Betri yenye ganda la plastiki lililochanika usiirudishe, na ya akiba usiichanganye mfukoni na funguo wala sarafu, ikigusana inapiga shoti.

SWALI: Fundi mi niko Mafinga, koili yangu inaungua siku ileile naifunga. Kwa nini?

JIBU: Unaiwasha kavu dada. Dondoshea matone manne matano ya juisi kwenye pamba kabla hujaifunga, jaza tenki, subiri dakika 10, na kwa baridi ya Mafinga mi ningesubiri 20. Hiyo chupa weka juu kabisa watoto wasipofika, nikotini ni sumu kwa mtoto hata akiilamba kidogo.