Altezza inagonga, beringi za konrodi uchukue saizi gani

Mkuu umesema Altezza yako ya injini ya 3S inagonga ikishika moto na fundi hapo Lindi kakwambia chukua tu beringi za konrodi (ule mkono unaounganisha pistoni na krenki) za standadi, yaani saizi ya kiwandani, ufunge uondoke. Subiri kwanza! Mimi niko Mtwara nishaingia mkenge huo huo, nikanunua standadi kwa duka flani hivi, gari ikatulia kama wiki mbili halafu kelele zikarudi, kufungua ganda la beringi limelika mpaka shaba inaonekana nyekundu na oili chini kwenye sampo (bakuli la oili) inang'aa kama pambo. Kumbe krenki yenyewe, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ilishakuwa na michirizi, ukipitisha kucha inakwama.

Kwahiyo krenki ipimwe na maikromita (kifaa cha kupima unene kwa usahihi), sio macho. Ikiwa nzima unarudi standadi, ila Toyota standadi nayo ina namba namba, angalia kwenye kikombe cha konrodi (kifuniko chake cha chini) kimepigwa namba ngapi uagize hiyo hiyo. Ikiwa na michirizi inachongwa, basi beringi zinakuwa za 0.25 mm kufidia kilichochongwa, na usinunue kabla krenki haijatoka kwa mchongaji maana anaweza akaenda mpaka 0.50 ukabaki na seti ya kupamba kabati.

Kampuni chukua Taiho au ACL, agiza Dar zije na basi. Na plastigeji (kauzi ka plastiki laini ka kupimia nafasi ya oili kati ya beringi na krenki) usisahau, kakipande tu kanatosha, nafasi ya oili ikicheza kwenye 0.05 mm hivi mi nafunga. Pampu ya oili je, mshaifungua?