Gari liinuliwe kwanza, pesa baadaye: usiinunue hiyo pikapu iliyopakwa rangi nyeusi chini

Usitume hizo pesa. Hata kama umekwisha kumpa muuzaji neno lako, na hata kama amekuambia kwamba kuna wanunuzi wengine wawili wanaoisubiri, usitume dola 7,500 kutoka Houston kwa ajili ya pikapu ya Toyota Tacoma ya mwaka 2006 iliyoishi Minnesota maisha yake yote na ambayo, kwa maneno uliyoyaandika mwenyewe, "chini imepakwa kinga mpya nyeusi, inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana". Ukijiandaa kuhamia huku Minnesota, umeuliza kuhusu bei, bima, matairi ya theluji na kama kuna haja ya kuosha gari wakati wa baridi. Mimi nilipofika kwenye hiyo rangi nyeusi sikuweza kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa sababu miaka 10 iliyopita niliuziwa maneno hayo hayo, katika jimbo hilo hilo, nikayalipia kwa fedha na nusura niyalipie kwa uhai.

Nilihamia Minneapolis mwezi wa Oktoba, nikiwa nimepata kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kulea wazee, na nilitaka gari kabla theluji ya kwanza haijaanguka. Ndugu mmoja wa nyumbani, ambaye baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa akipewa chochote kwa kila mteja aliyempeleka, alinifikisha kwenye kiwanja kidogo cha magari nje ya mji, akanionyesha gari la saluni la Kijapani la mwaka 2003 kwa dola 4,200. Nililikagua gari lile kama tunavyokagua magari kwetu Tanga: nililiwasha likiwa baridi, nikasikiliza injini, nikatazama rangi ya moshi, nikachomoa kijiti cha oili na kukinusa, nikaingiza gia zote. Sikuona dosari. Nilipoinama kutazama chini niliona weusi mtupu, laini, bila alama hata moja ya kutu. Muuzaji akaniambia kwamba kumewekwa kinga ili gari lidumu miaka mingine 10, na kwamba kumlipa fundi alitazame ni kupoteza fedha. Yule ndugu akaitikia kwa kichwa, nami nikalipa.

Sisi tuliokulia pwani tunadhani tunaijua chumvi. Tumeona mabati ya nyumba zinazotazama bahari yakigeuka mekundu, na tumeona milango ya magari ikitoboka kwenye pindo, kwa hiyo tunaitafuta kutu pale tulipozoea kuiona, yaani kwenye bodi. Kutu ya nchi za theluji hupanda kutoka chini. Kabla dhoruba haijafika, magari ya serikali hupita yakinyunyiza barabarani maji ya chumvi, na theluji ikishaanguka humwagwa chumvi ya mawe. Kwa kuwa chumvi ya kawaida hupoteza nguvu nyingi baridi inaposhuka chini ya nyuzi hasi 9, huchanganywa pia na kloridi ya magnesiamu au ya kalsiamu, ambazo huvuta unyevu kutoka hewani na kubaki majimaji hata barabara ionekanapo kavu. Mchanganyiko huo hurushwa na matairi hadi kwenye kila upenyo wa chini ya gari, na huko huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, hali inayoongeza kasi ya chuma kuliwa. Mama yangu aliniuliza kwa simu iweje chumvi inayomhifadhi ng'onda mwaka mzima imalize gari, na tulicheka sana, kisha nikamweleza kwamba ng'onda hukaushwa juani, ilhali chini ya gari langu hapakukauka kamwe.

Hapakukauka kwa sababu nililitunza vibaya kwa nia njema. Jengo nililopanga lilikuwa na maegesho ya chini ya ardhi yenye joto, na nililipa dola 60 kila mwezi ili gari lisilale nje kwenye baridi. Hakuna aliyenieleza kwamba gari lililojaa theluji yenye chumvi likiingizwa kwenye joto, ile theluji huyeyuka na kupenya kila mahali, na kwamba kutu huenda kwa kasi zaidi kwenye joto kuliko kwenye baridi kali. Gari linalolala nje kwenye nyuzi hasi 20 huliwa polepole kuliko lile linaloyeyushwa kila usiku na kurudishwa barabarani likiwa limelowa.

Mwezi wa Machi, nikienda kazini, mtoto alikimbilia mpira barabarani, nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Nilisikia kitu kikikatika chini ya miguu yangu, na pedali ikazama hadi sakafuni. Breki za magari ya sasa zimegawanywa katika njia mbili zinazojitegemea, na ile njia ya pili ndiyo iliyonisimamisha, mita chache mbele ya mahali nilipokusudia kusimama. Mtoto alikuwa amekwisha kuvuka. Nilikaa ndani ya gari nikitetemeka, nikiyaangalia mafuta ya breki yakichora mstari kwenye theluji.

Fundi aliyelipokea gari aliliinua kwenye mashine, akachukua bisibisi, akaigusisha kwenye boriti iliyo chini ya milango, pale pale ambapo weusi ulikuwa laini kuliko kwingine. Bisibisi iliingia hadi kwenye mpini. Aliivuta, na kipande cha ile rangi kikabanduka kama ganda la mti, kikiwa kimeshikilia nyuma yake magamba ya kutu yenye unene wa sarafu kadhaa, na nyuma ya magamba hapakuwa na chuma. Paipu za breki zilikuwa zimevimba chini ya rangi ile ile. Alinionyesha pia mahali pa kuwekea jeki palipokuwa pamebonyea, akaniambia kwamba hata hapo alikuwa ameliinua kwa kubahatisha. Nililipa dola 1,150 kwa paipu mpya, kwa kuwa kila bolti iliyoguswa ilikatika, halafu miezi miwili baadaye kishikio cha springi ya nyuma kikatoboka, na fundi yule yule akakataa kuchomelea kwa sababu hakukuwa na chuma kizima cha kuchomelea. Gari lilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa dola 300, nalo lilifika huko kwa kuendeshwa, injini ikiwa nzima kabisa.

Yule muuzaji bado namkumbuka kwa hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Alijua. Hakuna mtu anayepaka chini ya gari la miaka 11 bila kuona anachokipaka. Na huyo ndugu wa nyumbani, aliyekula kwetu na kutuita familia, nilipomwendea alinijibu kwamba magari ndivyo yalivyo. Karatasi ya dirishani ilisema kwamba gari linauzwa kama lilivyo, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki. Jua pia kwamba Minnesota haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya watu binafsi kama ulivyo Maine au New York, kwa hiyo gari lililooza linaweza kubadilisha wamiliki watatu bila mtu yeyote kulazimika kulitazama chini.

Rangi hiyo nzito, ya lami au ya mpira, si mbaya ikipakwa kwenye chuma kipya na kikavu. Ikipakwa juu ya kutu, kazi yake inageuka. Hukauka, hupata nyufa ndogo usizoziona, maji ya chumvi huingia humo, kisha hayawezi kutoka wala kuoshwa. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo husukuma na kutanua viungio kutoka ndani huku nje kukibaki kuzuri. Ndiyo maana nakuambia kwamba ningependelea pikapu yenye kutu nyekundu ninayoiona kwa macho kuliko hiyo yako inayong'aa.

Umeandika kwamba muuzaji anasema chasisi ikiwa mbovu Toyota wataibadilisha bure. Maneno hayo yana asili ya kweli, lakini wakati wake umepita. Mwaka 2008 Toyota walirefusha dhamana ya kutu kwa Tacoma za miaka 1995 hadi 2000, na mwaka 2016 walikubali suluhu ya kesi iliyohusu Tacoma za 2005 hadi 2010, pamoja na magari yao mengine, Tundra na Sequoia, ya miaka fulani, suluhu iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Muda wake kwa kila gari, hata hivyo, ulikuwa miaka 12 tangu lilipouzwa au kukodishwa mara ya kwanza, na gari la 2006 hesabu yake unaiweza mwenyewe. Unachoweza kufanya ni kuchukua namba ya chasisi na kuwauliza mawakala wa Toyota kama chasisi ilikwisha kubadilishwa zamani. Kama ilibadilishwa, swali linafuata: kwa nini chasisi mpya ilihitaji kufichwa?

Liinuliwe kwanza. Muuzaji akikataa gari lisipelekwe kwa fundi unayemchagua wewe, amekwisha kukujibu. Gari likiwa juu, fundi aigonge chasisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kadibodi. Agonge hasa karibu na vishikio vya springi za nyuma na pale ekseli inapopita, na achungulie kwa tochi kwenye matundu ya sehemu zilizofungwa kama sanduku, kwa sababu hizo huoza kutoka ndani kwenda nje. Kisha azifuate paipu za breki na za mafuta kwa vidole, urefu wake wote. Mwaka 2015 shirika la serikali kuu la usalama wa barabarani, NHTSA, lilipofunga uchunguzi wake wa paipu za breki zilizoliwa na chumvi, halikulazimisha magari yaitwe kiwandani. Liliwaambia wenye magari ya zamani wayaoshe chini na wazikague paipu zao, kwa maneno mengine mzigo uliachwa mabegani mwetu. Ukilazimika kubadilisha, omba paipu za mchanganyiko wa shaba na nikeli, kwa kuwa hazipati kutu kama za chuma. Ukaguzi wa namna hiyo mimi hulipia kama dola 120, na sijanunua gari tena bila huo.

Tena wewe bado uko Texas, ambako barabara hazimwagiwi chumvi miezi mitano kila mwaka. Nunua huko huko, mbali kidogo na ufukwe, uhakikishe kwenye hati kwamba gari halikuzama kwenye mafuriko ya kimbunga Harvey cha mwaka 2017, kisha uliendeshe hadi huku. Likifika, lipulizwe mafuta ya kuzuia kutu, yale yanayotengenezwa kwa lanolini ya sufu ya kondoo au mafuta mengine yasiyokauka, kila mwaka kabla ya theluji. Hayo hupenya kwenye viungio na hayafichi kitu. Na ndiyo, lioshe chini kila baridi inapolegea, kisha majira ya kuchipua yakifika lioshe tena kwa muda mrefu, uhakikishe matundu ya kutolea maji chini ya milango yako wazi.

Kama moyo wako bado uko kwenye hiyo Tacoma, nitumie anwani ya kiwanja kwa ujumbe wa faragha. Jumamosi natoka kazini saa moja asubuhi, na kuna gereji jirani inayokubali kuinua gari bila miadi. Nitakwenda na nyundo na bisibisi yangu, nikupigie simu ya video nikiwa chini yake. Mpaka hapo usitume hata dola moja ya malipo ya awali.