Hajanipiga hata kofi, lakini namwogopa

Shangazi, nimeolewa miaka 6, nina watoto wawili, tunakaa Likoni. Mume wangu hajawahi kunipiga. Ila kitambulisho changu anakiweka yeye, namba ya siri ya M-Pesa anayo yeye, na nikitoka kazini hunipigia simu ya video nimwonyeshe kuwa kweli niko kwenye feri. Mwezi uliopita foleni ilikuwa ndefu, nikachelewa. Alipiga ngumi ukutani, kando kabisa ya kichwa changu, kisha akaniambia kwa upole, “Unaona unavyonifanya?” Mama mkwe anasema nishukuru, wenzangu wanang’olewa meno. Je, nina haki ya kulalamika?
Mama Wawili

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale ukutani.

Aliyepandwa na hasira mpaka hajijui hachagui pa kupiga. Mumeo alichagua. Ngumi aliituma pale utakapoisikia sikioni, lakini usibaki na alama ya kumwonyesha mtu. Kisha akashusha sauti. Wewe ulimwelewa vizuri sana, ndiyo maana umeniandikia.

Mama mkwe wako anaona kipigo ni jambo moja na haya ya simu na pesa ni jambo jingine, dogo. Pengine naye aliishi hivyo akaambiwa avumilie. Lakini hebu jiulize, akupigie nini ilhali unamtii? Unahesabu dakika. Unamwonyesha feri. Shilingi ukiitumia, unaitolea maelezo. Kofi limewekwa akiba ya siku utakayosema hapana. Wengi wanaoniandikia wakiwa na majeraha walianza na simu kupekuliwa, pesa zikafuata, dada mtu akaacha kuwatembelea, na siku waliyokataa ndiyo siku waliyopigwa.

Kwa hiyo nakuomba sana: usije ukamtamkia kwa hasira kwamba unaondoka. Siku mwanamke anapoondoka, na majuma yanayofuata, ndipo hatari inapozidi. Na akikukaba shingo, hata kidogo, hata akidai ni mzaha, usilale humo usiku huo. Kukabwa ni moja ya dalili nzito kwamba mtu anaweza kuuawa baadaye.

Haki ya kulalamika unayo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani haisubiri damu. Unyanyasaji wa kiuchumi umetajwa humo, wa kisaikolojia umetajwa, vitisho vimetajwa, hata wakwe kuingilia ndoa kumetajwa. Unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi bila kovu lolote mwilini.

Kabla ya hapo, tafuta mtu mmoja unayemwamini, umweleze yote, hasa ule ukuta. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vitolee nakala, umwachie yeye. Mwachie na nguo za watoto, na pesa taslimu kidogo kidogo, kiasi ambacho hakitaonekana kupungua. Patana naye neno moja ambalo ukimwambia kwenye simu atajua aje mara moja.

Namba ya kuomba msaada ni 1195, haitozwi pesa. Usiipige kwa simu yako, maana huenda akaipekua. Omba ya mwenzako kazini, upige kabla hujateremka kwenda kupanda feri.