Jigi ya kuchimbia mfereji wa trasi rodi: shingo mbili zilinifia mkononi ndio nikapata akili

Nianze na aibu yangu kabisa ili ujue unaongea na nani. Shingo ya kwanza ya gitaa niliyotengeneza hapa Makorora, Tanga, nilichimba mfereji kwa patasi, mbao yenyewe mninga uliobaki kwenye kazi ya mlango, mfereji ukaenda kama njia ya ng'ombe, huku umepanuka kule umebana, rodi ukiiweka inacheza kama jino la mtoto. Ya pili nikasema ah, saivi nina ruta bwana, ile mashine ya umeme ya kuchimba mbao kwa kisu kinachozunguka, patasi za nini, nikafunga ile gaidi ya pembeni inayokuja na mashine (kile kiongozi kinachoegemea ukingo wa mbao, sio yule wa taarifa ya habari), nikapiga, juu ikatoka safi mpaka nikapiga picha nikaweka status. Wiki iliyofuata nachonga mgongo wa shingo, nachonga nachonga, naona kitu kinang'aa. Chuma. Rodi inanichungulia kutoka nyuma. Na advansi ya mteja nilishaila.

Mzee aliyenifundisha useremala nilipomuonyesha hakucheka hata, aliishika akaigeuza akaniambia, "Mwanangu, mashine haina macho, macho unaiwekea wewe." Nikamjibu ndiyo mzee, ila moyoni nikawa najiuliza macho yanauzwa duka gani. Macho yenyewe ndio hii jigi, yaani fremu ya mbao inayoishika ruta ipite pale unapotaka tu.

Kwa ambaye hajui, trasi rodi ni chuma kinacholala ndani ya shingo chini ya ule ubao wa freti, yaani ubao wa juu wenye vile vyuma vidogo unapobonyezea nyuzi. Nyuzi sita za gitaa la umeme za saizi ya kawaida, zile zinazoanzia namba 10, zikikazwa sawasawa zinavuta zaidi ya kilo 40, na huo mzigo unavuta mchana na usiku, hata gitaa likiwa limetundikwa ukutani. Shingo inapinda kwenda mbele, nyuzi zinakaa juu, mpigaji anaumia vidole anasema gitaa bovu. Wazo la kuweka chuma unachoweza kukikaza na kukilegeza alilileta Thaddeus McHugh, fundi wa Gibson kule Marekani, hataza yake ikatoka mwaka 1923. Na sisi huku pwani tunaihitaji kuliko wengi maana mbao inakunywa unyevu, kaskazi ikivuma ni kitu kimoja, masika ikipiga ni kitu kingine. Afu Tanga ni mji wa magitaa jamani, hapa ndio nyumbani kwa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star walipotia gitaa la umeme na besi kwenye taarabu walifanyia hapahapa. Aibu tukishindwa hata kuchimba mfereji.

Haya tuingie kazini. Kitu cha kwanza nunua rodi kabla hujanunua kisu cha ruta, na wala usichimbe kwa vipimo ulivyosoma mahali. Rodi nyingi za kukaza pande mbili ukizipima kwa venia, kile kipimo cha fundi cha milimita ndogondogo, utakuta upana milimita 6, kimo 9 na kitu, urefu kwenye 440 hivi, ila hazifanani, na ile sehemu ya kukazia kichwani mara nyingi ni nene kuliko kiwiliwili. Visu vinavyokuja kwenye seti vingi ni vya robo inchi, yaani 6.35, kwa iyo rodi ya 6 italegea, na rodi iliyolegea inalia zzzz kila ukigonga nyuzi. Kama huna kisu cha 6 kamili, izungushie rodi tepu ile ya mafundi bomba mpaka iingie kwa kusukuma na kidole gumba, isigongwe nyundo, na isianguke yenyewe ukigeuza shingo.

Cha pili, chimba shingo ikiwa bado ni gogo la mstatili. Hapa watu wanaharakisha mno, wanakata umbo la shingo kwanza kwa vile linapendeza kutazama, halafu hawana upande ulionyooka wa kushikilia kitu. Mimi kipande changu kina upana 70, unene 22, urefu 700, kimepigwa randa pande zote, na mstari wa katikati umechorwa kwa kisu sio penseli, kwa sababu penseli butu peke yake inaweza kukuongopea nusu milimita.

Sasa jigi. Kosa la gaidi ya pembeni ni kwamba inaishika ruta upande mmoja tu, mkono ukichoka kidogo mashine inatoka nje na haikuulizi. Dawa ni kuitia ruta katikati ya kuta mbili isipate pa kwenda. Chini weka plaiwudi ya milimita 18, urefu 900. Huku mwisho na kule mwisho funga kwa skrubu kipande kifupi chenye unene uleule wa shingo, yaani 22, katikati yao ndio shingo inakaa. Hivi vipande usividharau, vina kazi tatu, vinazuia shingo isiteleze, vinaibeba ruta inapofika mwisho isiiname, na kazi ya tatu ndio tamu nakuja nayo.

Kuta ni MDF (ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya 18, kimo 30, zinapanda milimita 8 juu ya uso wa shingo, inatosha kuishika sahani ya ruta, yaani kile kitako chake cha chini, bila kugusa motor. Tumia ule ukingo wa kiwandani, ndio ulionyooka, sio ulioukata wewe na msumeno saa kumi jioni umechoka. Funga ukuta wa kushoto kwanza, moja kwa moja. Halafu weka ruta yenyewe juu ya kile kipande cha mwisho, iegemee ukuta wa kushoto, upande wa kulia weka karatasi moja ya daftari, sukuma ukuta wa kulia uibane karatasi, kaza klampu. Peleka ruta mwisho wa pili, fanya vilevile, rudi wa kwanza uhakikishe, ndio upige skrubu kutoka chini. Ukichomoa karatasi ruta inateleza kama droo mpya, haikwami na haichezi. Rula sijaishika hapa hata mara moja, na ndivyo inavyotakiwa, kipimo cha ruta ni ruta.

Halafu kuna siri iliyonigharimu. Sahani ya ruta, iwe ya duara iwe ya mraba, usiamini kwamba kisu kiko katikati yake. Yangu iko nje kwa karibu nusu milimita. Ukiwa unaizungusha mkononi wakati unapiga, mfereji unayumba hata kama kuta zimenyooka kama sala. Chukua maka peni, weka alama kwenye sahani upande mmoja, na alama hiyo iangalie ukuta wa kushoto siku zote, mpaka mashine ife.

Na kwa nini kushoto? Kisu cha ruta kinazunguka kwa mwendo wa saa ukikitazama kutoka juu, ukiisukuma mashine iende mbele yako yenyewe inataka kukimbilia kushoto. Basi mpe kushoto ukuta anaouamini. Sukuma kwenda mbele, usivute kurudi wakati inakata.

Kazi ya tatu ya vile vipande vya mwisho sasa. Kabla hujaweka shingo, shusha kisu milimita moja tu, pitisha ruta juu ya kipande cha huku na cha kule. Umepata mifereji midogo miwili inayokwambia kisu kinapita wapi kweli, sio kinapotakiwa kupita. Sasa weka shingo, linganisha ule mstari wa katikati na mifereji hiyo, huku na kule, ubane kwa kabari pembeni. Nafasi imebaki kama milimita 10 kila upande, kabari ziwe fupi zisizidi kimo cha shingo. Ukihitaji kusogeza kidogo sana tumia zile kadi za vocha za kukwangua, mi nazo bado ninazo boksi zima, mke wangu anasema nitupe, sitathubutu.

Vizuizi vya mwanzo na mwisho ni vijiti viwili vinavyokatiza juu ya kuta. Hapa watu wanapotea kwenye hesabu kwa sababu mfereji haulingani na mwendo wa ruta. Chukua urefu wa mfereji unaoutaka, toa upana wa kisu, jumlisha urefu wa sahani ya ruta. Rodi ya 440, kisu 6, sahani yangu 90, unapata 524, ndio nafasi kati ya kizuizi na kizuizi. Ongeza moja au mbili rodi ipate pumzi. Ncha za mfereji zitatoka za duara, zimalizie kwa patasi, na pale panapokaa sehemu nene ya kukazia panua kwa patasi pia, taratibu, jaribu toa, jaribu toa.

Kina ndio palipoiua shingo yangu ya pili. Niliweka 9.5, ikachimba hadi 13. Sababu ni koleti, ile sehemu ya ruta inayokishika kisu, nilisukuma kisu mpaka kikagusa chini kabisa ndio nikakaza, kumbe ukikaza kikiwa kimegusa chini hakishikwi vizuri, kinajivuta kushuka kidogokidogo huku unakata na wewe huoni kwa ajili ya vumbi. Saivi nakisukuma mpaka mwisho, nakirudisha juu kama milimita 2, ndio nakaza. Na napiga kwa awamu, milimita 2 kila awamu, awamu tano imeisha, baada ya kila moja nazima, nafyonza vumbi, napima kina kwa mkia wa venia. Ukikumbuka kwamba shingo ikishachongwa, karibu na freti ya kwanza mbao inabaki kama 14 au 15 bila ubao wa juu, ukiondoa 9.5 unabaki na tano tu. Tano sio nyingi.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha takataka. Najua hutojaribu, na mimi sikujaribu.

Umeme nao. Siku moja umekatika katikati ya awamu, nikaacha ruta palepale nikaenda kunywa chai, swichi nimeisahau iko ON. Umeme uliporudi nikasikia mlio kutoka barazani, kufika naikuta mashine imejitafunia kizuizi, namshukuru Mungu mtoto hakuwepo. Umeme ukikatika, kabla ya kulaumu mtu, chomoa plagi.

Kuhusu mbao niseme kifupi. Mkangazi ndio naupenda kwa shingo, mwepesi, unakatika vizuri. Mninga nao safi, haujikunji sana ukikauka. Mtiki wetu wa Longuza kule Muheza unafaa ila una mafuta, futa uso kwa thina kabla ya gundi la sivyo ubao wa freti utakuja kubanduka. Mvule ndio uwe nao macho, ndani unaweza kukuta vijiwe vigumu kabisa, kisu kizuri kinaisha makali kwa sekunde, na vumbi lake linawasha pua na ngozi mpaka usiku. Mpingo kwa ubao wa freti ni mfalme lakini vumbi lake pia sio la kuvuta, barakoa vaa, hata kama fundi wa jirani anakucheka.

Ukishapata mfereji, rodi usiigundishe. Inatakiwa iwe huru ifanye kazi yake. Weka tone la silikoni sehemu tatu isilie, funika mfereji kwa maskin tepu, paka gundi juu ya shingo, ng'oa tepu, laza ubao. Gundi ikiingia mfereji na kushika nyuzi za bolti ya rodi, imekwisha, utaikaza mpaka ikatike.

Jigi yangu yenyewe imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa karakana. Masika iliyopita MDF ilivimba mpaka ruta ikagoma kupita, nikapiga msasa kwa hasira, masika ilipoisha kuta zikasinyaa na ruta ikawa inacheza, ikabidi nikate kuta mpya. Hizi mpya nimezipaka vanishi mara mbili kabla ya kufunga, ukingo hasa, na kila nikitaka kuitumia naanza na ile karatasi ya daftari. Ikipita na karatasi bila kubana, silazi shingo ya mtu humo.